Shilingi 1,000 ya Krismasi: Zawadi ndogo ndogo za binti, za mtaani na za mjini

Mzazi wa mtaa wa Njiru, jijini Nairobi, mwenye binti wa miaka 13 hadi 17 huingia Desemba na hesabu mbili. Ya kwanza ni ya sikukuu: nyama, unga wa chapati, mafuta ya kupikia, na pengine nauli ya kwenda ushago, ambayo hupanda sikukuu inapokaribia. Ya pili ni ya Januari: karo, sare, vitabu, na sanduku la anayelala bweni. Zawadi ya binti hutafutiwa nafasi katikati ya hizo mbili, na mara nyingi huambulia shilingi 500, 1,000 au, mwaka ukiwa mwema, 1,500. Si pesa za kuchezea. Mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi ulipandishwa Novemba 2024 hadi shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Elfu moja ni zaidi ya jasho la siku nzima.

Ulaya na Marekani vijizawadi vya aina hii hutiwa ndani ya soksi inayotundikwa usiku wa Krismasi. Desturi hiyo husimuliwa kuwa ilianza na Nikolasi, askofu wa Myra katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi karne ya 4. Hadithi inasema aliwatupia kisiri vifuko vya dhahabu mabinti watatu ambao baba yao alifilisika akashindwa kuwaoza. Kwa hiyo tangu mwanzo zawadi hiyo ilikuwa ya nyumba iliyoishiwa, na waliopewa ni mabinti. Mzazi wa Njiru hana sababu ya kuona haya akitoa zawadi ya shilingi 50, mradi ameichagua vizuri.

Makala haya yanalinganisha bei na manufaa ya vitu vinavyopatikana kando ya Barabara ya Kangundo, katika masoko ya karibu kama Kayole na Mutindwa, na katikati ya jiji. Bei zote ni za kukadiria, kwani mchuuzi mmoja hupandisha pale mwenzake anaposhusha, na wiki ya mwisho kabla ya tarehe 25 haina huruma. Kila kitu kimepimwa kwa maswali matatu: binti atakitumia mara ngapi? Kitafika Pasaka kikiwa kizima? Na je, bei yake inabaki ileile ukishaongeza nauli?

Nywele: penye raha nyingi na gharama nyingi

Ukimuuliza msichana wa umri huu anataka nini Krismasi, wengi watajibu nywele. Msuko wa rasta hugharimu kati ya shilingi 800 na 1,500, ukihesabu pakiti za rasta na ujira wa msusi, na kadiri sikukuu inavyokaribia ndivyo foleni na bei zinavyopanda. Matuta ya kawaida bila rasta ni shilingi 150 hadi 300. Tatizo la rasta ni kalenda. Shule nyingi haziziruhusu, kwa hiyo msuko wa Desemba 20 hufumuliwa mapema Januari. Hapo umelipa elfu moja kwa wiki mbili tu za kupendeza.

Linganisha na boneti ya satini ya kulalia, ambayo mtaani ni shilingi 100 hadi 150. Huvaliwa kila usiku, hukinga nywele zisikatike, huufanya msuko udumu, na binti huenda nayo bweni. Skranchi ni shilingi 30 hivi moja, na fundi cherehani wa mtaa anaweza kuzishona kwa mabaki ya kitambaa ukimletea mpira wa kiunoni. Za fundi hudumu kuliko za dukani, kwa sababu mshono wake haufunguki baada ya kufuliwa mara mbili.

Ushauri wetu: kama msuko tayari umo katika bajeti ya sikukuu ya familia, uache huko. Usiuite zawadi, kwa sababu binti anajua kwamba hata dada yake mdogo atasukwa. Kama haumo, na yeye anautaka kuliko kitu kingine chochote, mpe huo pamoja na boneti, ufunge ukurasa. Msuko wa mapema, wiki ya pili ya Desemba, huwa nafuu na huvaliwa siku nyingi zaidi.

Urembo na manukato: soma chupa kabla ya kulipa

Rangi ya kucha hupatikana kwa shilingi 50 hadi 100, mafuta ya midomo yenye rangi kidogo kwa 80 hadi 150, hereni za kawaida kwa 50 hadi 100, na bangili ya shanga yenye jina lake kwa 100 hadi 200. Manukato ya kupimiwa mjini, yale yanayomiminwa kutoka chupa kubwa hadi kichupa, huanzia kama shilingi 200. Deodoranti ya kupaka kwapani ni 150 hadi 250.

Vilivyo bora katika kundi hili ni mafuta ya midomo na bangili. Januari na Februari jua la Nairobi ni kali na upepo mkavu, midomo hupasuka, na kikopo kidogo hutumika hadi tone la mwisho. Bangili ya shanga haiozi wala haififii, na ukiinunua kwa anayeifuma, awe Kariokor au kwenye Soko la Maasai, unaweza kuchagua rangi na herufi. Rangi ya kucha hufurahisha, ila maisha yake ni ya likizo tu.

Hereni za bei ya chini sana zina kasoro moja. Nyingi huchanganywa na nikeli, madini ambayo huwasha ngozi ya baadhi ya watu na kuyafanya masikio yavimbe. Ikiwa binti amewahi kulalamika, ongeza pesa kidogo ununue za chuma kisichoshika kutu, au acha kabisa.

Krimu za kung'arisha uso zisikanyage kwenye kapu hili hata zikiuzwa shilingi 50. Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, ambayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Kwa vipodozi vyovyote, tafuta alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Alama huchapishwa pamoja na nambari ya kibali, nawe unaweza kuihakiki kwa simu: andika SM, kisha alama ya #, kisha nambari hiyo, utume kwa 20023. Mchuuzi akikukataza kuisoma chupa, mrudishie.

Sodo si zawadi, kipochi chake ndicho zawadi

Wazazi wengi hufikiria kujazia kapu kwa pakiti mbili za sodo. Nia ni njema, lakini sodo ni haja ya kila mwezi kama sabuni, na msichana akizipokea kama zawadi ya Krismasi atahisi amepewa haki yake ikiwa imefungwa utepe. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo mwaka 2004, na sheria ya elimu iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2017 inaitaka serikali kuwapa wanafunzi wa kike sodo bila malipo. Hata hivyo mzigo mkubwa bado huangukia nyumbani.

Hesabu yake ni hii. Pakiti ya vipande 8 huuzwa karibu shilingi 80. Anayetumia pakiti mbili kwa mwezi hufikisha shilingi 1,920 kwa mwaka. Seti ya sodo za kitambaa za kufuliwa huweza kununuliwa kwa chini ya elfu moja na kudumu mwaka mmoja au zaidi, kwa hiyo kwenye karatasi zinashinda. Lakini zinahitaji maji, sabuni na mahali pa kuanika juani. Katika ploti ambayo maji hununuliwa kwa mtungi na kamba ya nguo ni ya wapangaji wote, au katika bweni lenye wasichana wengi, msichana anaweza kuzianika uvunguni zikakauka nusu, na hilo ni hatari kwa afya. Muulize kwanza kama ataweza kuzitunza.

Kitu kinachofaa kuingia kwenye kapu ni kipochi cha kitenge chenye zipu, ambacho fundi wa mtaa hushona kwa shilingi 100 hadi 150. Kinabeba sodo, kitambaa na chupi ya akiba ndani ya begi bila mtu kujua. Ni kitu kidogo kinachomwondolea aibu darasani mwaka mzima.

Simu: bando, kava na iafoni

Si kila binti ana simu, na wengi hutumia ya mzazi. Kwa mwenye nayo, vitu vitatu hushindania pesa.

Iafoni ya shilingi 100 hadi 150, ile inayopitishwa na mchuuzi kwenye dirisha la matatu, mara nyingi husikika upande mmoja kabla ya shule kufunguliwa. Ya shilingi 350 hadi 500 kutoka duka lenye risiti, iwe mtaani au Luthuli Avenue ambako maduka ya vifaa vya elektroniki yamejaa, huweza kudumu mwaka. Ukinunua tatu za 150 ndani ya mwaka, umelipa 450 na umekasirika mara tatu. Hapa cha ghali ndicho rahisi. Ijaribu kwenye simu yako papo hapo, pande zote mbili na kipaza sauti.

Kava ya simu ni 150 hadi 200, na kioo cha kukinga skrini ni 100 hadi 150. Kati ya hivyo viwili kioo ndicho chenye faida kubwa, kwa maana kubadilisha skrini iliyopasuka hugharimu maelfu. Kava huchaguliwa kwa rangi, kwa hiyo ni afadhali achague mwenyewe.

Bando ni zawadi inayomfikia hata aliye ushago kwa nyanya yake. Tahadhari ni muda. Bando za bei ya chini huisha baada ya saa moja au tatu, na msichana anayesaidia jikoni siku ya Krismasi hatapata hiyo saa. Safaricom ilianzisha bando zisizo na tarehe ya mwisho Oktoba 2019. Unapata megabaiti chache kwa pesa zilezile, lakini hazipotei usiku wa manane. Kwa zawadi, chagua hizo.

Kitabu, daftari na kalamu

Kundi hili hudharauliwa kwa sababu linanuka shule. Siri ni kununua kisichofanana na vifaa vya shule. Daftari lenye jalada gumu la shilingi 150 hadi 250 ni lake la siri, mashairi na michoro. Kalamu za wino wa rangi huuzwa karibu 30 moja, na tatu zinatosha.

Riwaya ya mtumba ndiyo zawadi yenye thamani kubwa kwa pesa ndogo katika orodha nzima. Wauzaji wa vitabu wanaopanga mali yao chini kando ya barabara za katikati ya jiji, wale ambao maduka yao Wanairobi huyaita "inama", huuza hadithi za vijana kwa shilingi 50 hadi 200, ilhali kitabu kipya cha aina hiyo dukani huweza kupita 800. Kagua kurasa za mwisho kabla ya kulipa, maana hakuna hasira kama ya msomaji aliyenyimwa mwisho wa hadithi. Kitabu kikishasomwa huazimwa na rafiki, naye hurudisha kingine. Usinunue kitabu cha kutahiniwa shuleni ukakiita zawadi.

Kwa asiyejali urembo

Kuna binti ambaye rangi ya kucha haimwambii kitu. Huyo mnunulie soksi ndefu za kuchezea mpira kwa shilingi 100 hadi 150, kamba ya kuruka kwa 100 hadi 150, au ule mchemraba wa kupanga rangi kwa 150 hadi 200. Chaguo jingine ni sindano ya kroshia na bonge moja la uzi, ambavyo kwa pamoja huweza kupatikana kwa 200. Kwa uzi huo atafuma skranchi, kofia au kipochi, na akizoea mkono ataanza kuwauzia wenzake. Ni zawadi pekee hapa inayoweza kumrudishia pesa.

Nguo ya mtumba nayo imo. Fulana au blauzi ya shilingi 100 hadi 150 hupatikana Mutindwa na Kayole, na ukifika Gikomba alfajiri siku beli inapofunguliwa utakuta kamera, yaani zile za kuchaguliwa kwanza. Kamera huuzwa ghali zaidi kwa sababu ziko kama mpya, na ndizo zinazofaa zawadi. Zifue na kuzipiga pasi kabla ya kumpa.

Njiru au mjini?

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa wakidhani wanaokoa. Tuchukue kapu moja: skranchi tatu, boneti, rangi ya kucha, jozi ya hereni na kipochi. Kwa bei za rejareja mtaani:

- Skranchi tatu kwa 30: shilingi 90
- Boneti: 150
- Rangi ya kucha: 100
- Hereni: 100
- Kipochi: 150
- Jumla: shilingi 590

Kwa bei za jumla za Dubois Road au Kamukunji, vitu hivyohivyo vinaweza kushuka hadi 45, 80, 50, 40 na 100, jumla shilingi 315. Umeokoa 275. Lakini nauli ya matatu kwenda na kurudi huweza kufika 200, na Desemba yenye mvua au msongamano huzidi hapo. Faida yako imebaki 75, nusu ya siku imekwenda, na muuza jumla hakuuzii skranchi tatu. Anataka dazeni, au angalau nusu yake.

Sasa waweke akina mama sita wa ploti moja au chama kimoja, kila mmoja na binti wake. Wakimtuma mmoja wao, akiba ya pamoja ni shilingi 1,650. Toa nauli 200, zinabaki 1,450, karibu 240 kwa kila mmoja. Hapo safari ina maana, na dazeni ya muuza jumla inagawanyika bila kubaki. Kwa mzazi mmoja mwenye binti mmoja, nunua Njiru, au pitia Kayole ukiwa na shughuli nyingine. Anayefanya kazi mjini amekwisha kulipa nauli, basi anunue kidogo kidogo kuanzia Novemba anapotoka kazini.

Tazama pia namna unavyolipa. Kutuma shilingi kati ya 101 na 500 kwa M-Pesa kwenda nambari ya simu ya mchuuzi hukatwa shilingi 7 kila mara. Malipo matano ya namna hiyo ni 35, zaidi ya bei ya skranchi moja. Mwenye tili ya Lipa na M-Pesa hamkati mnunuzi chochote. Na zawadi yoyote inayohitaji mkopo wa Fuliza imekwisha kuwa ghali, maana ada huongezeka kadiri unavyochelewa kulipa.

Makapu matatu

*La shilingi 500.* Soksi ndefu mpya (100), skranchi tatu (90), boneti (150), kalamu tatu za rangi (90), ubuyu na peremende (50), bando (20). Jumla 500. Kila kitu kinapatikana bila kupanda matatu, na soksi moja ndiyo mfuko wa kutilia vingine vyote.

*La shilingi 1,000.* Soksi (100), skranchi tatu (90), boneti (150), kipochi cha kitenge (150), daftari gumu (200), riwaya ya mtumba (150), mafuta ya midomo (100), ubuyu (50). Jumla 990.

*La shilingi 1,500.* Lina njia mbili. Ya kwanza ni kapu la elfu moja pamoja na iafoni ya 400 na bando la 100, jumla 1,490. Ya pili ni kapu la 500 pamoja na msuko wa elfu moja. Binti wa bweni, ambaye simu hataruhusiwa kuwa nayo, atafurahia zaidi njia ya pili. Wa kutwa achukue ya kwanza.

Usilipie karatasi ya kufungia yenye kumeta kwa shilingi 100. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na bahasha ya kaki yenye jina lake kwa kalamu ya rangi inatosha. Kama hutaki soksi, kipochi chenyewe ndicho kifungashio.

Uamuzi

Kati ya bajeti hizi zote, kapu la shilingi 1,000 ndilo lenye uwiano bora. Vitu vyake saba kati ya vinane bado vitatumika Februari, na hakuna hata kimoja kinachohitaji safari maalumu, maana riwaya unaweza kuagiza kwa jirani anayefanya kazi mjini. Ikiwa pesa ni chache zaidi, punguza idadi ya vitu, usipunguze ubora: boneti moja nzuri na kitabu kimoja hushinda vitu kumi vya kuvunjika. Nunua kabla ya Desemba 15, shirikianeni na majirani kama mna mabinti wengi, na uliza rangi anayoipenda kabla hujatoa pesa mfukoni.